Kila mchumba ana mwenyewe: Baldur's Gate 3 kwa mchawi wa kike mwenye msimamo

Posa ikipiga hodi Ngamiani, Tanga, mzee hamuulizi mshenga kijana ana nini. Anauliza kwanza kijana ni wa nani. Ingia na swali hilohilo kwenye Baldur's Gate 3 kama unataka kucheza mwanamke mwenye uchawi wake na kichwa chake. Wanaume wanne wa kwenye gemu hii watakusogelea, na watatu kati yao wana wenyewe. Gale ana mungu wa kike aliyewahi kuwa mpenzi wake na ambaye bado anamtumia amri. Astarion ana bwana aliyemmiliki kwa miaka 200. Wyll kajifunga mkataba na mwanamke wa kuzimu, mwenye pembe, anayetokea kambini wakati wowote akitaka. Halsin hana anayemdai, ila yeye mapenzi ya mmoja kwa mmoja hayamo kwenye hesabu zake.

Wengi huisifu gemu hii kwa vita na dadu linaloamua kama jaribio limefaulu, na sifa hizo ni haki yake. Lakini ukiwa na mchawi asiyeyumbishwa, kazi hasa iko kambini usiku: kumtoa mtu mikononi mwa mwenyewe bila wewe kugeuka mwenyewe wa pili. Gemu inakuachia nafasi ya kukosea hapo, na inakosesha wengi.

Mambo ya dukani kwanza. Watengenezaji ni Larian Studios wa Ubelgiji. Ilitoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023, kwenye PS5 tarehe 6 Septemba, na mwaka huohuo ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Sasisho kubwa la mwisho, namba 8, lilikuja Aprili 2025, kwa hiyo anayenunua leo anapata kitu kilichokwisha kunyooshwa. Bei kamili ni dola 59.99, na punguzo huja mara kwa mara; asiye na haraka asubiri. Inadai GB 150 kwenye SSD, na RAM ya GB 8 kwa kuponea, 16 kwa raha. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo wa GB 150 unashuka kwa saa 33 na ushei, tena kama laini haijayumba. Mwenye bando la simu apige hesabu kabla ya kubonyeza. Kiswahili hakimo, Kiingereza chake ni kizito na cha kizamani, basi washa maandishi ya chini na uyakuze, maana nusu ya mahaba imo kwenye maneno.

Neno mchawi lina utata wake, na sisi wa Tanga tumetaniwa nalo vya kutosha. Gemu inatenganisha watu watatu ambao kwa haraka tungewaita wote wachawi. Yupo wa kusomea, anayenakili uganga kutoka vitabuni: kwenye skrini ni Wizard, na Gale ndiye huyo. Yupo aliyepewa na kiumbe kingine kwa makubaliano, kama mtu mwenye jini anayedai chano kila mwaka: ni Warlock, na huyo ni Wyll. Wa tatu kazaliwa nao, umo kwenye damu, hakuusomea wala hakuukopa. Anaitwa Sorcerer. Ukitaka mwanamke asiye na wa kumshukuru, ni huyu.

Umbile lake ni hivi. Ukifuata mpangilio wa skrini, gawa alama 8, 14, 16, 8, 10, 17. Hiyo 17 ya mwisho ni haiba, na ndiyo inayoendesha uchawi wake na mdomo wake kwa pamoja: kushawishi, kudanganya na kutisha, vyote vinasoma hapo. Ile 16 ni ustahimilivu, na wengi wanaibania wakijuta baadaye. Chagua ukoo wa joka, kwa sababu ngozi yake inampa kinga ya 13, na wepesi wake unaongeza 2, yaani 15 bila kuvaa chochote cha chuma, na inamwongezea uhai alama moja kila leveli. Hata hivyo anaanza na uhai 10. Vishale viwili vya wale majini wafupi wa kijani na yuko chini. Kumbuka namba hiyo unapomtazama mwanamume.

Limbwata halimo. Hakuna uganga wa kumtia mwenzako kwenye chupa. Kila mmoja ana kipimo cha kuridhika, na kinapanda au kushuka kwa unayoyasema na kuyatenda mbele yake. Ukijaribu kuingia kichwani mwa mtu na kusoma mawazo yake, mara nyingi anagundua, na hapo umejiharibia. Kosa jingine ni la watu wenye bidii: wanapigana siku nzima bila kulala. Mazungumzo ya mapenzi yanapanga foleni yakisubiri mlale kambini, na asiyelala anafika sehemu ya pili kati ya tatu za hadithi foleni imemfutikia, halafu analalamika kuwa wanaume wa gemu hii ni wabaridi. Kwa ugumu wa kati, usiku mmoja unakula chakula cha alama 40. Kwa ugumu wa Tactician ni 80. Okota kila kiazi na kila kipande cha jibini unachokiona. Chakula hakikosekani, ni uvivu wa kuinama.

Haya, tumtazame Astarion, maana ndiye aliyewapagawisha watu. Ni mnyonya damu, mrembo, mwenye maneno ya kuchoma kama beti za mipasho, na uandishi wake ndio bora kuliko wa wengine wote. Sehemu ya kwanza atakutongoza kwa ufundi wa mtu aliyezoea, na ndipo penye mtego: ni ufundi kweli. Alilazimishwa miaka na miaka kumletea bwana wake mawindo kwa njia hiyohiyo. Usiku atakapotaka kukunyonya damu, unaweza kukubali. Asubuhi utaamka na upungufu unaokupunguzia alama moja kwenye kila dadu la shambulio, la kujikinga na la ushawishi mpaka ulale tena. Mara moja si neno. Ukiigeuza desturi kwa sababu ana macho mazuri, utaiona gharama yake kwenye vita.

Kipimo cha kweli kipo sehemu ya pili, kwenye minara ya Moonrise. Mwanamke mmoja, Araj, muuza dawa, anataka Astarion amng'ate, na anaahidi kulipa kwa dawa ya nguvu ya kudumu. Astarion hataki. Wachezaji wanaoihesabu ile dawa humsukuma, na wanaipata. Tazama uso wake hapo, watengenezaji wameufanyia kazi: tabasamu linabaki mahali pake na macho yanaondoka. Ukisimama upande wake, baadaye anakujia mwenyewe kambini na kukiri kwamba alianza na wewe kwa hila na hajui tena hila iliishia wapi. Hakuna mazungumzo mengine kwenye gemu hii yanayofikia hayo.

Sehemu ya tatu inakuja na hukumu. Bwana wake, Cazador, ameandaa tambiko la kuchinja roho 7,000 ili awe mnyonya damu mkuu asiyeogopa jua, na Astarion anatamani kulichukua tambiko hilo liwe lake. Mwachie alifanye, utapata mwenza mwenye nguvu za kutisha kwenye mapigano, na usiku unaofuata atakwambia neno lake: upige magoti, akugeuze uwe wake. Ukikataa, uhusiano umekwisha. Ndiyo maana tunamwonya mwenye mchawi mkaidi. Nguvu unayompa inarudi kwako ikiwa na mnyororo. Mzuie, hata kama dadu la kushawishi linakupa presha, na hapa haiba yako inalipa. Bonyeza F5, kitufe cha kuhifadhi, kabla hujamsemesha.

Gale naye? Gale ni msomi wa mtaani kwenu anayejua kila kitu na anaomba radhi kwa maneno mengi. Mapema atakuomba vitu vyenye uchawi avinyonye, kwa sababu kifuani ana donge linalokula uganga. Ni mara tatu, hazizidi, basi mpe pete na fimbo ambazo hutumii, usimpe kitu cha maana. Usiku mmoja atakufundisha kuushika uchawi kwa pamoja, mkono kwa mkono, na hapo ndipo mlango wake unafunguka. Kuna utamu wa peke yake mwalimu wa vitabu anapomfundisha mwanamke ambaye uchawi anao tangu tumboni. Gemu ingeweza kuucheza utani huo zaidi. Inaugusa na kupita.

Shida ya Gale ni tamaa. Aliachwa na mungu kwa kutaka kumfikia, na hajapona. Mwanzoni mwa sehemu ya pili analetewa ujumbe kutoka kwa mungu huyohuyo: ajilipue ndipo asamehewe. Mwishoni mwa sehemu hiyo ukimwachia atekeleze, gemu inaisha palepale, kwa hiyo hilo usilijaribu kwa udadisi kama huna mahali pa kurudi. Sehemu ya tatu anaona taji linaloweza kumfanya mungu yeye mwenyewe, na anakualika ufurahie. Mwanamke mwenye msimamo atamwambia hapana, tena hapana isiyopakwa sukari. Anasikia. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa: ni mwanamume anayebishana na wewe mpaka mwisho halafu anabadili nia kweli. Na hashirikiani, ukimchanganya na Halsin, atakutaka uchague.

Kivita, Gale na mchawi wako ni watu wawili dhaifu wanaoshikana mikono. Wote uhai wao ni mdogo, wote wanataka kusimama nyuma, na nyuma pana nafasi ya mmoja.

Halsin hatutamkalia sana. Ni mtu mkubwa, mtulivu, anageuka dubu, na mlango wake wa mapenzi haufunguki mpaka sehemu ya tatu, baada ya kuiondoa laana ya giza kwenye nchi yake sehemu ya pili. Anasema wazi kwamba hamfungi mtu na hafungwi. Astarion anaweza kuridhia, Gale hataki kusikia. Kama dubu wa kusimama mbele yako, anafaa. Kama mtu wa kubishana naye usiku, ni kama kugombana na mnazi.

Ameshabaki Wyll, na hapa tunakwenda kinyume na wengi. Wachezaji humpita kwa sababu ni mstaarabu, na ustaarabu hauna kelele. Amepakwa sifa za shujaa wa mipakani, kafukuzwa na baba yake ambaye ni mkuu wa mji, na nyuma yake yupo Mizora, yule mwenye mkataba. Mizora ni mke mwenza asiye na nikaha: anaingia bila hodi, anaongea na mumeo kama mtu mwenye hati ya nyumba. Amemtuma Wyll amuue mwanamke mmoja, Karlach. Ukimshawishi Wyll amwache Karlach hai na umchukue kambini, Mizora anakuja usiku na kumwadhibu kwa kumwotesha pembe. Anaumia, anaona aibu, na hajuti. Mahari gani tena unataka? Angalizo moja: ukiwashambulia wakimbizi waliojihifadhi kwenye shamba la miti sehemu ya kwanza, Wyll anaondoka na harudi.

Sehemu ya pili anakualika mcheze dansi kambini, hatua kwa hatua, kwa adabu zote. Sehemu ya tatu anakupeleka msituni na kuchumbia. Kuchumbia kwa kweli, kwa maneno na ahadi. Mtu wa Tanga atakaa vizuri kwenye kiti hapo. Kabla ya hapo kuna uamuzi wa mkataba: Mizora anamtaka achague kati ya uhuru wake na maisha ya baba yake. Usimchagulie. Ukimwachia aamue, unakuwa mtu wa kwanza kwenye maisha yake aliyefanya hivyo. Akivunja mkataba, bado mnaweza kwenda wenyewe kumtoa baba yake kwenye gereza la chini ya maji la Iron Throne. Pale muda unahesabiwa kwa zamu chache, kwa hiyo kila mtu aingie akiwa na dawa ya mwendo kasi na uganga wa kuruka mahali hadi mahali.

Lawama yetu kwa watengenezaji iko hapahapa. Mwanamume anayemfaa zaidi mchawi huyu ndiye aliyeandikiwa kidogo kuliko Astarion na Gale. Mazungumzo yake ni machache, na baada ya dansi kunakuwa na ukimya mrefu ambao Astarion asingeachwa nao. Utampenda Wyll kwa matendo yake, na maneno utayajaza wewe.

Sasa angalia vita vya karibu, kwa sababu ndipo mahaba na hesabu vinapokutana. Ukifika leveli ya 5 unapata uganga uitwao Haste: unampa mtu tendo la ziada kila zamu, nyongeza ya 2 kwenye kinga, na mwendo maradufu, kwa zamu 10. Mchawi wa damu ana ufundi wa kuugawa kwa watu wawili kwa mpigo mmoja, Twinned Spell, kwa gharama ya alama 3 kati ya 5 alizonazo leveli hiyo. Basi mnampa Wyll na mpiganaji mwingine, na kwa zamu mbili hivi mnaonekana hamshikiki.

Ila uganga huo unaning'inia kwenye nia yako. Ukipigwa, unarusha dadu la ustahimilivu: lazima ufikishe 10, au nusu ya maumivu uliyopata kama ni zaidi. Kwa umbile tulilotoa, leveli ya 5 unaongeza 6 kwenye dadu, kwa hiyo unashindwa ukitoa 1, 2 au 3 tu. Ni asilimia 85 ya kushika, na inasikika vizuri. Lakini vishale vitatu kwenye zamu moja, hata viwe vidogo, vinashusha nafasi ya kushika mpaka kama asilimia 61. Ukiachia, wale wawili uliowapa kasi wanaganda zamu nzima bila kusogea wala kupiga, wakiwa katikati ya maadui. Timu nyingi zinafia hapo, na mchezaji analaumu dadu.

Kwa hiyo mwenza anayekufaa ni anayeziba njia. Wyll akifika leveli ya 3 mchagulie mkataba wa upanga, Pact of the Blade: anapiga kwa haiba yake badala ya misuli, na leveli ya 5 anapiga mara mbili. Kwa kuwa ni binadamu, gemu inamruhusu kushika ngao; mpe. Kama ulishamchagulia kitu kingine, yule mfu mkavu wa kambini, Withers, anampanga upya kwa dhahabu 100. Msimamishe mlangoni au kwenye daraja, pembamba iwezekanavyo, wewe ukiwa nyuma ya ukuta na umetoa kichwa kwa zamu ya kurusha tu. Astarion hawezi kazi hii hata ukimpenda vipi, yeye ni wa kujificha na mshale.

Kwa mazingira yetu: wakati wa kaskazi, laptopu haivumilii. Funga fremu 30 au 60, inyanyue kutoka mezani ipitishe hewa, na aliye karibu na bahari kule Raskazone asafishe feni mara kwa mara, chumvi na vumbi vikishikana ni simenti. Sehemu ya tatu, mkiingia mjini, processor ndiyo inayoelemewa, usishangae ikianza kukwama. Umeme ukikatika, gemu hujihifadhi yenyewe kwa kusuasua, basi F5 iwe kama kupumua. Kwenye ugumu wa Honour hifadhi ni moja tu na hakuna kurudi nyuma. Bila UPS, acha. Na kwa wanaocheza sebuleni: kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuzima uchi. Izime kabla shangazi hajaingia na sahani ya mihogo. Watu wawili wanaweza kugawana skrini moja, na gemu haimpangii mtu jinsia ya mpenzi, kila mwenye kupendwa anaweza kumpenda mchezaji yeyote.

Jambo la mwisho ni la nguo. Mchawi wako na Wyll wote wanaishi kwa haiba, kwa hiyo mtagombea vitu vilevile. Kile kishungi cha nywele za Auntie Ethel, kizee cha bwawani, kinaongeza alama moja ya kudumu kwa mtu mmoja tu: mpige mpaka aombe suluhu, usimmalize kwa pigo moja, halafu chukua nywele na umlazimishe amwachie binti aliyemfungia. Wewe ndiye mwenye 17, ikifika 18 inakulipa papo hapo. Sehemu ya tatu, kwenye duka la Sorcerous Sundries, kuna kofia iitwayo Birthright inayoongeza haiba 2. Ni moja. Wyll atakuwa ameshakuchumbia, na utaona vibaya kumnyima. Lakini uganga wako ndio maadui wanaojaribu kuukwepa, na kila mazungumzo magumu ya mji ule yanapita mdomoni mwako. Vaa wewe.